Taa za rivasi za Noah ya zamani haziwaki: anza nyuma, fuata moto hadi kwenye giaboksi

Noah yangu ni ya mwaka 1999, ile yenye injini ya 3S-FE iliyokaa chini ya viti vya mbele. Usiku mmoja wa masika umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, nami nilikuwa naitoa uani kwa rivasi. Mtoto wa jirani alikuwa amechuchumaa nyuma akitafuta ndala yake gizani. Hakuona mwanga mweupe wa kumwambia kuwa gari linarudi, na mimi sikumwona kwa sababu hiyohiyo. Mama yake ndiye aliyepiga kelele. Mtoto hakuguswa, lakini miguu yangu ilitetemeka mpaka nikashindwa kukanyaga breki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwezi mmoja kabla nilikuwa nimelipia swichi mpya ya giaboksi. Fundi alisikia tu maneno "taa za rivasi", akasema, "Mzee, hiyo swichi imekufa," akafungua, akafunga nyingine. Taa ziliwaka siku nne zikazima tena. Kesho yake asubuhi baada ya tukio la mtoto nililala nyuma ya gari na testa mkononi. Nilipoondoa plastiki ya ndani upande wa kushoto nilikuta mahali ambapo mtu, huko nyuma, aliunga king'ora cha rivasi. Aliuchuna waya, akausokota, akauzungushia tepu. King'ora kilishatolewa zamani, ila kiungo kilibaki. Nilipoifungua ile tepu, unga wa kijani ulidondoka kwenye kapeti, na waya ukabaki umeshikana kwa nyuzi mbili au tatu za shaba. Swichi ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: usinunue kitu kabla ya kupima. Nimeuandika kwa kuangalia Noah ya kati ya 1996 na 2001, lakini utakufaa pia kwa HiAce, TownAce na gari nyingine za familia za umri huo, za manyuali na za otomatiki.

Safari ya umeme wenyewe

Umeme wa taa hizi, ambao mafundi tunauita moto, unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, unaingia kwenye fyuzi, unashuka hadi swichi iliyoko kwenye giaboksi, kisha unasafiri kwa waya mrefu hadi nyuma ya gari. Huko unaingia kwenye holda, yaani kikalio cha globu, unapita ndani ya globu, halafu unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, yaani ethi. Swichi ya giaboksi huunganisha njia pale tu gia inapoingia rivasi. Hakuna kompyuta katikati. Ni njia moja, na ikikatwa sehemu moja tu, taa hazitawaka.

Mafundi wengi huanza kwenye swichi kwa sababu ndiyo kitu kinachouzika. Mimi naanza nyuma. Globu, holda na ethi ndivyo vinavyoharibika mara nyingi zaidi, vinafikika bila jeki, na majibu yake yanakuambia kama kuna haja ya kuingia chini ya gari.

Vya kuandaa

Testa ya volti 12, ile ya mche wenye kitaa ndani na waya wenye klipu. Maltimita, hata ya bei nafuu. Bisibisi ya nyota, spana namba 10, msasa laini, globu moja mpya unayojua ni nzima, fyuzi mbili tatu za akiba, na waya wa mita tano hivi uliofungwa fyuzi ya ampea 5 karibu na ncha moja. Waya huo ni rafiki mkubwa, utaona mbele. Kama utaunga waya, uwe na lehemu na mpira wa kusinyaa kwa joto.

Kabla hujagusa chochote

Taa za rivasi hupimwa ufunguo ukiwa ON na gia ikiwa rivasi, injini ikiwa imezimwa. Hapo ndipo pana hatari ambayo watu huisahau. Gari la otomatiki likiwa kwenye R huku injini imezimwa, hakuna kinacholishikilia. Ile pini inayofunga giaboksi kwenye P imeshatoka, na gari linaweza kuserereka. La manyuali linashikwa na gia, lakini mtu akizungusha ufunguo hadi kwenye stata, litaruka kurudi nyuma. Basi egesha mahali tambarare, vuta handbreki, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya tairi, na usimwachie mtoto nafasi ya kukaa kwenye usukani. Ukifika hatua ya kuingia chini, gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa hata kwa dakika moja.

Ukiwa peke yako na huwezi kuona nyuma, rudisha gari mpaka karibu na ukuta jioni, utaona mwanga ukutani. Au simamisha simu nyuma ichukue video wakati unaingiza gia.

Sikiliza gari linasema nini

Hapa ndipo napenda utumie muda, maana dalili ikisomwa vizuri nusu ya kazi imekwisha.

Taa moja inawaka na nyingine haiwaki. Sahau fyuzi, sahau swichi. Moto umeshafika nyuma. Tatizo ni globu, holda, ethi ya upande huo, au kipande kifupi cha waya kinachogawanyika kwenda taa hiyo. Ila ujue kwamba baadhi ya gari za Ulaya zina taa moja tu ya rivasi, na upande wa pili ni taa nyekundu ya ukungu. Hakikisha kwanza gari lako limeundwa na mbili.

Zote mbili haziwaki. Globu mbili kuungua siku moja ni nadra, lakini ya kwanza huungua bila mwenye gari kugundua, na ya pili inafuata miezi baadaye. Kwa hiyo bado anza na globu.

Zote haziwaki, na mshale wa mafuta, wa joto au vioo vya umeme navyo vimekufa. Hiyo ni fyuzi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 taa za rivasi hazina fyuzi yao. Zinakula kwenye fyuzi iliyoandikwa GAUGE pamoja na mita za dashibodi.

King'ora cha rivasi au kamera inafanya kazi lakini taa haziwaki. Moto uko nyuma tayari. Usishuke kwenye giaboksi.

Gari la otomatiki halipigi stata kwenye P ila linawaka ukisogeza hadi N, au dashibodi inaonyesha P, N na D lakini R haiwaki. Hapo swichi ya giaboksi inastahili kushukiwa, kwa sababu swichi hiyohiyo moja ndiyo inayoruhusu stata na ndiyo inayowasha taa za rivasi.

Taa zinawaka ukisukuma mkono wa gia kidogo upande mmoja. Swichi imekaa vibaya, au kebo na bushi za mkono wa gia zimelegea. Kwenye gari zenye gia kwenye nguzo ya usukani, bushi zikichakaa mkono unaonyesha R huku giaboksi haijafika R sawasawa.

Taa ya rivasi inawaka kwa mwanga hafifu ukikanyaga breki au ukiwasha indiketa. Hiyo ni ethi mbovu. Umeme wa breki umekosa njia ya kurudi, unatafuta njia kupitia globu ya jirani.

Taa zinawaka muda wote hata gari likiwa kwenye D au gia ya kwanza. Swichi imeganda ndani, au waya wa rivasi umegusana na waya mwingine wenye moto. Usiendelee kutembea hivyo usiku. Anayekuja nyuma yako anadhani unamrudia.

Hatua ya kwanza: globu

Toa taa ya nyuma. Kwa kawaida utakuta skrubu mbili zinazoonekana ukifungua mlango wa nyuma, kisha taa inavutwa kurudi nyuma kwa sababu upande wa nje umeshikwa na pini za plastiki. Vuta sawasawa, usiipinde. Plastiki iliyopigwa jua miaka ishirini na tano huvunjika kama biskuti. Kwenye gari nyingine globu inafikiwa kwa ndani, kupitia kifuniko kidogo kwenye plastiki ya ubavu, na kwingine taa za rivasi ziko kwenye mlango wenyewe wa nyuma.

Zungusha holda kinyume na mwendo wa saa, itoke. Globu ya zamani ya chuma unaibonyeza ndani na kuizungusha, ile ya kitako cha kioo unaivuta tu. Iangalie kwenye mwanga. Kioo cheusi au cha rangi ya fedha ndani ni dalili kwamba imekwisha. Lakini usimalize kwa macho. Uzi unaweza kuonekana mzima kumbe umekatika mguuni. Pima kwa maltimita kwenye ohm: globu nzima ya wati 21 ikiwa baridi inasoma chini ya ohm moja. Isiposoma chochote, imekufa.

Ukienda dukani, omba globu ya volti 12, wati 21, uzi mmoja. Angalia kitako. Ya uzi mmoja ina kitovu kimoja cha risasi chini na masikio mawili yaliyo usawa mmoja. Ya breki na taa ndogo, wati 21/5, ina vitovu viwili na masikio yasiyolingana. Nimeshaona globu ya 21/5 imelazimishwa kwenye holda ya rivasi mpaka sikio moja likapondeka, na mwenye gari anashangaa kwa nini haiwaki. Usiweke pia globu yenye wati nyingi ili upate mwanga zaidi. Joto lake linayeyusha holda na kupinda kioo cha taa, na kioo cha taa ya Noah ya zamani siku hizi unakitafuta kwa wauza spea wa mitumba.

Kama umeweka globu ya LED na haiwaki, itoe, igeuze, irudishe. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na zile za kitako bapa zinaingia pande zote mbili.

Hatua ya pili: holda na ethi

Sisi wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, hapa ndipo maradhi yetu mengi yalipo. Hewa ya chumvi na maji yanayopita kwenye mpira wa taa uliokakamaa hukaa ndani ya holda na kula shaba. Chungulia. Ukiona rangi ya kijani au weupe kama chumvi, umepata mshukiwa.

Sasa pima. Ufunguo ON, gia rivasi, globu ikiwa nje. Bana klipu ya testa kwenye chuma safi cha bodi, kwa mfano bolti isiyopakwa rangi, na kwanza hakikisha testa yenyewe inawaka kwa kuigusa kwenye moto unaoujua. Kisha gusa kitovu cha ndani ya holda. Testa ikiwaka vizuri, moto umefika. Isipowaka kwenye taa zote mbili, nenda hatua ya tatu.

Kama moto umefika lakini globu nzima haiwaki, tafuta ethi. Hamishia klipu ya testa kwenye waya wenye moto, halafu gusa sehemu ya holda inayoshika ubavu wa globu. Testa isipowaka, ethi haipo. Kwenye Toyota waya wa ethi kwa kawaida ni mweupe wenye mstari mweusi. Ufuate mpaka unapofungwa kwenye bodi kwa bolti, nyuma ya plastiki ya pembeni. Fungua bolti kwa spana namba 10, sugua kichwa cha waya na chuma chini yake kwa msasa mpaka king'ae, funga, kaza, paka grisi au vaselini kidogo juu yake.

Kuna ethi inayodanganya. Testa inawaka kwa sababu inakula umeme kidogo sana, lakini ukiweka globu ya wati 21, ambayo inataka karibu ampea 1.75, inashindwa. Hapa ndipo maltimita inapoonyesha thamani yake. Weka globu kwenye holda, gia rivasi, ncha moja ya maltimita kwenye waya wa ethi wa holda na nyingine kwenye bodi safi, ukiwa kwenye volti. Ikisoma 0.1 au 0.2, ethi ni nzuri. Ikipita 0.5, kuna kutu mahali. Ikisoma karibu na 12, ethi imekatika kabisa na umeme wote umekwama hapo.

Holda isafishe kwa msasa uliokunjwa mwembamba, au kwa ncha ya bisibisi ndogo, ufunguo ukiwa umetolewa. Kile kisahani cha chini chenye springi kikiwa kimelala, kiinue kidogo kiweze kugusa globu. Holda iliyoyeyuka usihangaike nayo, badilisha. Kabla ya kurudisha taa, angalia mpira unaozunguka ukingo wake. Ukiwa umekakamaa, maji yatarudi na kazi yako itakufa masika ijayo.

Hatua ya tatu: waya wa nyuma

Moto haujafika kwenye taa zote mbili. Kabla ya kushuka chini, kagua mambo mawili ya nyuma.

La kwanza ni viungo vilivyoongezwa. King'ora, kamera, sensa za kuegeshea, taa za ziada: vyote huungwa kwenye waya wa rivasi, na vingi huungwa kwa kusokota na tepu. Toa plastiki ya ndani karibu na taa na ufuate waya kwa vidole. Uvimbe wowote wa tepu ambao haufanani na tepu ya kiwandani ufungue. Ondoa kilichomo, kata sehemu iliyooza mpaka ufikie shaba inayong'aa, unga upya kwa lehemu na ufunike kwa mpira wa kusinyaa.

La pili linahusu gari zenye taa za rivasi kwenye mlango wa nyuma. Nyaya hupita kwenye mpira wenye mikunjo kati ya bodi na mlango, na kila mlango unapofunguliwa zinapindwa. Baada ya miaka mingi shaba hukatika ndani huku ganda likiwa zima. Chomoa mpira huo upande mmoja, ukunje kama soksi, kisha vuta kila waya taratibu. Waya mzima ni mgumu na hauvutiki. Uliokatika ndani unavutika kama lastiki. Ukiupata, usiunge pale pale kwenye mkunjo, maana lehemu huufanya waya kuwa mkavu na utakatika tena jirani na kiungo. Kata pande zote mbili mbali na mkunjo, weka kipande kipya cha waya laini wa nyuzi nyingi, na viungo vyako vikae ndani ya bodi na ndani ya mlango. Kagua nyaya zote za hapo. Ukikuta mmoja umekatika, jirani zake wamo njiani.

Sasa ule waya wa mita tano. Funga ncha yenye fyuzi kwenye chanya ya betri. Chomoa plagi ya taa, utambue waya wa rivasi, na ugusishe ncha nyingine kwenye upande wa taa. Taa ikiwaka, kila kitu kuanzia hapo hadi ethi ni kizima, na umebaki na fyuzi, swichi na waya wa katikati.

Hatua ya nne: fyuzi

Kisanduku cha fyuzi mara nyingi kiko chini ya dashibodi upande wa dereva. Fyuzi ina vitundu viwili vidogo vya chuma juu ya kichwa chake. Ufunguo ukiwa ON, gusa kila kimoja kwa testa. Vyote viwili viwake. Kikiwaka kimoja tu, imeungua. Kisipowaka hata kimoja, moto haufiki kwenye fyuzi yenyewe, na shida iko juu, kwenye swichi ya ufunguo au waya wake.

Weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko. Rangi zitakusaidia: kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20. Kuweka ya 20 mahali pa 10, au kuzungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya chini ya kapeti. Gari zimeungua kwa hilo.

Ikiungua tena, angalia inaungua lini. Ikikatika mara tu unapowasha ufunguo, shoti iko kwenye kitu kingine kinachotumia fyuzi hiyo. Ikikatika pale tu unapoingiza rivasi, shoti iko kati ya swichi ya giaboksi na taa. Ili usimalize pakiti ya fyuzi, toa globu zote mbili za rivasi na chomoa king'ora na kamera kama vipo. Kisha chukua globu ya wati 21 uliyoifunga nyaya mbili, chomeka nyaya hizo mahali pa fyuzi. Ufunguo ON, gia N: inaweza kuwaka kidogo kwa ajili ya mita. Ingiza R. Ikiongezeka na kuwaka kwa nguvu zote, shoti ipo, na haitaunguza kitu kwa sababu globu inazuia umeme. Sasa tikisa nyaya, sehemu baada ya sehemu, huku mtu akiangalia globu. Itakapofifia, umeshika mahali penyewe. Tazama hasa pale waya unapopita kwenye ukingo wa bati, chini ya skrubu za viti vilivyofungwa upya, na karibu na bomba la moshi.

Hatua ya tano: swichi ya giaboksi

Ukifika hapa umeshahakikisha fyuzi ni nzima na nyuma ni pazima. Sasa gari lipande kwenye stendi.

Kwa manyuali, swichi ni kitu kama bolti kubwa kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi, chenye nyaya mbili. Chomoa plagi, ufunguo ON. Waya mmoja upande wa gari lazima uwe na moto. Usipokuwa nao, waya kati ya fyuzi na hapo umekatika. Ukiwa nao, unganisha matundu mawili ya plagi kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Taa zikiwaka nyuma, swichi ndiyo mbovu, na hapo pesa yako inakwenda mahali pake. Thibitisha kwa maltimita: swichi ipitishe umeme gia ikiwa rivasi, na isipitishe kwenye gia nyingine. Kuibadilisha unahitaji spana kubwa na ndefu, mara nyingi kati ya namba 22 na 27. Weka beseni chini kwa sababu oili kidogo inaweza kumwagika, safisha udongo kuzunguka swichi kabla ya kuifungua usiingie ndani, na tumia washa mpya, ile pete ya kuziba. Anza kuifunga kwa mkono. Nyumba ya giaboksi ni alumini, na thredi yake ikiharibika utajuta.

Kwa otomatiki, swichi iko pale fimbo ya gia inapoingia kwenye giaboksi, na ina nyaya nyingi. Usiunganishe nyaya kwa kubahatisha, kwa sababu nyingine ni za stata na unaweza kulirusha gari ukiwa chini yake. Acha plagi ikiwa imechomekwa, ingiza ncha nyembamba ya testa kwa nyuma ya plagi. Kwenye Toyota nyingi waya wa taa za rivasi ni mwekundu wenye mstari mweusi, lakini linganisha na rangi uliyoikuta kwenye taa nyuma kabla ya kuamini. Ufunguo ON, gia R: waya unaokwenda nyuma ukiwa na moto, swichi ni nzima na waya wa katikati ndio umekatika. Ukiwa hauna, mwombe aliyeko juu asogeze mkono wa gia taratibu kuzunguka R. Moto ukitokea katikati, swichi inahitaji kurekebishwa tu.

Marekebisho yenyewe: ufunguo uzimwe, gia iwekwe N. Legeza bolti za swichi. Juu yake kuna mstari, na kwenye kitovu kinachozunguka na fimbo kuna mfuo. Zungusha mwili wa swichi mpaka mstari na mfuo vikutane, ishikilie hapo, kaza bolti bila kutumia nguvu kupita kiasi. Kisha jaribu jambo muhimu kuliko taa: breki ikiwa imekanyagwa, stata ipige kwenye P na N tu. Ikipiga kwenye R au D, hujamaliza, rudi urekebishe.

Kama ukikaza vizuri na bado R ya mkono hailingani na R ya giaboksi, kagua bushi za kebo na fimbo kabla ya kulaumu swichi. Na plagi yenyewe iangalie ndani. Oili inayovuja juu yake na vumbi hutengeneza tope linaloziba pini. Isafishe kwa dawa ya kusafishia umeme, iache ikauke.

Waya wa katikati

Fyuzi nzima, swichi nzima, nyuma pazima, na bado moto haufiki: waya mrefu umekatika. Weka ncha moja ya ule waya wa mita tano kwenye upande wa swichi, nyingine ilete nyuma, pima kwa maltimita kama njia ipo. Ukithibitisha kuwa waya umekatika na hutaki kung'oa sakafu yote, pitisha waya mpya wa milimita moja ya mraba au zaidi kidogo, ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, ukifuata njia ya nyaya za kiwandani na mbali na bomba la moshi. Taa zote mbili kwa pamoja zinakula kama ampea 3.5, waya huo unatosha. Ule wa zamani ukate ncha zote mbili na uzifunike, usije ukagusa bati siku nyingine.

Mwisho wa kazi rudisha gari ukutani gizani, ingiza na kutoa rivasi mara kumi, piga bodi kwa ngumi karibu na kila taa, fungua na kufunga mlango wa nyuma. Taa isipepese hata mara moja. Mimi baada ya mvua kubwa ya kwanza nilitoa tena taa ya kushoto nikapitisha kidole ndani ya holda. Ilikuwa kavu.